Fundi wa kwato kwa farasi mzee mwenye yabisi ya viungo: anapatikanaje na aulizwe nini?

Zizi la Mawio ameuliza:

Habari zenu wadau.

Nina farasi aliyehasiwa, miaka 21, uzito kama kilo 480. Eksirei zimeonyesha yabisi ya viungo sehemu mbili: mbele kulia, kwenye kiungo cha shingo ya kwato (ile sehemu iliyoinama kati ya kwato na kifundo), na vifundo vya miguu yote miwili ya nyuma (kile kiungo kikubwa cha katikati ya mguu, kinachochomoza kuelekea nyuma). Malishoni anatembea vizuri tu akishapata joto. Balaa ni siku ya fundi wa kwato.

Fundi tuliye naye huja kila wiki 8. Kwa farasi vijana hana tatizo, ila huyu mzee anamnyang'anya mguu, anamwegemea, na wa nyuma ukinyanyuliwa anauvuta juu kwa ghafla na kuutikisa. Fundi anasema ni ukorofi wa kudekezwa. Cha ajabu, mguu wa mbele anaokataa kabisa kuutoa ni wa kushoto, ambao kwenye picha hauna kitu. Kazi ikiisha anakakamaa siku mbili tatu.

Naomba kujua: fundi anayewaelewa farasi wa namna hii anapatikanaje, na nimuulize nini kabla ya kumwita? Viatu vya chuma nivivue kabisa? Na dawa ya maumivu kabla ya kazi ni sawa, au inaficha ugonjwa?

---

Tupa Kali amejibu:

Mkuu, huo mguu wa kushoto hauna ajabu yoyote. Karibu asilimia 60 ya uzito wa farasi iko mbele. Kwa wako ni kama kilo 290. Ukinyanyua kushoto, sehemu kubwa ya mzigo huo inahamia kulia, na kulia ndiko kubovu. Kushoto hakukatai kunyanyuliwa, kulia ndiko kunakokataa kubeba. Mguu wa nyuma kuvutwa juu na kutikiswa nako kunaeleweka: kifundo cha nyuma na goti lililo juu yake hukunjwa na kukunjuliwa pamoja, kimoja hakiendi bila mwenzake, kwa hiyo fundi akiushika juu kidogo tu kifundo kibovu kinabanwa chote.

Hapo tayari una mtihani wa kumpimia fundi. Mpigie simu, mweleze dalili bila kutaja ugonjwa: "Mbele anatoa kulia vizuri, kushoto anakataa." Akikuuliza hali ya mguu wa upande wa pili, endelea naye. Akikwambia mlete nimnyooshe, shukuru ukate simu.

Wa kuanza kumuuliza ni daktari wa farasi mwenye mashine ya eksirei ya kubebeka. Usimuulize fundi gani ni hodari, muulize ni fundi gani huwa anaomba picha kabla ya kukata. Watakuwa wachache na watatajika haraka. Sehemu nyingine ambayo watu huisahau ni vituo vinavyotunza farasi waliostaafu na vile vya kuwapandisha walemavu farasi kama tiba. Farasi wao wengi ni wazee wenye viungo vibovu, na fundi wao kazi hii anaifanya wiki nenda wiki rudi. Halafu muulize na huyo fundi wako wa sasa. Mafundi wanajuana, na aliye muungwana haoni haya kukuelekeza kwa mwenzake.

Vyeti vinatofautiana kwa nchi. Uingereza kuna sheria ya 1975 inayomzuia asiyesajiliwa kupiga farasi viatu, na ngazi zao unazijua kwa herufi baada ya jina: DipWCF ya kuanzia, AWCF ya juu yake, FWCF ya juu kabisa. Marekani leseni si lazima, ila American Farrier's Association hutoa vyeti vya hiari, na CJF (Certified Journeyman Farrier) ni ngazi inayoheshimika. Kwingine utategemea macho yako. Mwombe picha za kwato za farasi mmoja kwa muda wa miezi sita, kutoka upande uleule. Picha moja nzuri ya siku ya kazi haikuambii kitu, kwa sababu kwato yoyote iliyotoka kupigwa tupa inapendeza.

Maswali mengine ya simu: Unarudi baada ya wiki ngapi? Uko tayari kuongea na daktari wangu moja kwa moja? Farasi akishindwa kushika mguu dakika mbili utafanyaje? Utampiga kiatu gani? Hili la mwisho ni mtego. Anayekutajia kiatu kabla hajamwona farasi akitembea, mwogope.

Sasa kazi yenyewe. Wiki 8 kwa huyu ni nyingi mno. Ukuta wa kwato hukua takriban milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, hivyo kufikia wiki ya nane ncha imeongezeka sentimita moja hadi karibu mbili. Kila hatua kwato inapindukia juu ya ncha kabla ya kuondoka ardhini. Ncha ikirefuka, viungo vinalazimika kukunjuka zaidi kabla kisigino hakijanyanyuka, kama mtu aliyevaa viatu vilivyomzidi namba mbili. Kiungo kizima kinavumilia. Kiungo chenye vinundu vya mfupa kinaumia hapohapo. Rudisha muda uwe wiki 4 hadi 5. Na kuna faida ya pili: kila ziara kinakatwa kidogo, kazi inakwisha mapema, na farasi hasimami muda mrefu kwa miguu mitatu.

Kiungo cha shingo ya kwato kwa asili hakina nafasi kubwa ya kucheza. Kinachokiumiza zaidi ni msokoto na kuinamia kando. Kwa hiyo kuna mambo mawili ambayo fundi mzuri lazima ayashughulikie: usawa wa upande wa ndani na wa nje wa kwato, na urahisi wa kupindukia pande zote, si mbele tu. Ukingo wa chini uviringwe kuanzia ncha hadi mabegani mwa kwato, ili farasi akigeuka kwato igeuke naye badala ya kung'ang'ania ardhi na kukikamua kiungo. Kwa sababu hiyohiyo usikubali meno wala skrubu za kuzuia kuteleza. Kuteleza kidogo kwato inapotua ni jambo la kawaida, ndiko kunakopunguza mtikisiko.

Vikabari vya kuinua kisigino navyo vinapendwa mno. Vinapunguza mvuto wa kano ya nyuma, kweli, ila vikikaa muda mrefu vinasaga kisigino kikawa chini kuliko kilivyoanza. Viwekwe kwa sababu inayoonekana kwenye picha na kwa muda unaojulikana.

---

Dkt. Banda amejibu:

Nakubaliana na Tupa Kali kuhusu mguu wa kushoto. Naongeza upande wa hospitali.

Farasi wa miaka 21 anayekakamaa siku mbili tatu kila akitoka kukatwa kwato, usiridhike na jibu la yabisi peke yake. Umri huo ndio wa ugonjwa wa Cushing (hitilafu ya tezi ya chini ya ubongo inayovuruga homoni), na ugonjwa huo huleta laminaitisi, yaani uvimbe wa tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya kwato. Ikija taratibu kwenye miguu yote miwili ya mbele huonekana kama uzee tu: hatua fupi, kugeuka kwa shida, kusita kwenye ardhi ngumu. Shika mapigo ya mshipa pembeni ya kifundo cha mbele, ndani na nje, asubuhi akiwa ametulia. Yakidunda kwa nguvu chini ya vidole, au kwato zikiwa na joto lisilopoa kwa saa nyingi, mwite daktari kabla ya fundi. Damu ipimwe homoni ya ACTH. Mwambie daktari asome matokeo kwa viwango vya majira husika, kwa sababu ACTH hupanda yenyewe kwa farasi wazima kuelekea majira ya kupukutika majani. Manyoya marefu yasiyonyonyoka kwa wakati ni dalili inayojulikana, lakini hutokea ugonjwa ukiwa umeshakomaa.

La pili ni picha. Eksirei zilizotumika kuutambua ugonjwa kwa kawaida hazimfai fundi. Anahitaji picha mbili kwa kila kwato, ya kutoka upande na ya kutoka mbele. Farasi asimame juu ya magogo mawili ya urefu sawa, kwato zote mbili za mbele, uzito umegawanyika sawa na kichwa kikiwa kimenyooka. Akigeuza kichwa tu, nafasi ya kiungo upande mmoja huonekana nyembamba na fundi atarekebisha kosa lisilokuwepo. Mwale upite chini, sentimita moja hadi mbili juu ya uso wa gogo, si katikati ya shingo ya kwato. Waya mwembamba ubandikwe wima kwenye ukuta wa mbele, kuanzia unyweleo unapoishia, na pini ndogo ichomwe kwenye ncha ya ile pembetatu laini ya chini. Alama hizo zikiwepo, fundi anaweza kupima kwa rula umbali kutoka ncha ya mfupa hadi mahali kwato inapopindukia.

Mwambie daktari aandike unene wa soli (uso mgumu wa chini ya kwato) chini ya ncha ya mfupa (chini ya milimita 15 ni nyembamba, na fundi asiiguse kwa kisu), pembe ya sehemu ya chini ya mfupa wa kwato, kama mstari wa shingo ya kwato na mfupa wa ndani umenyooka au umevunjika, na tofauti ya nafasi ya kiungo upande wa ndani na wa nje. Picha zipigwe siku chache kabla ya kazi. Za wiki tano nyuma ni za kwato nyingine.

Dawa. Haifichi yabisi, kwa sababu hiyo tayari mnaijua. Kinachofichwa ni maumivu ya saa moja ambayo hayamfundishi farasi chochote zaidi ya kumchukia fundi. Inayotumika sana ni fenilbutazoni, kwa kawaida miligramu 2.2 hadi 4.4 kwa kila kilo ya uzito, na kipimo cha farasi wako kitatolewa na daktari wake. Kosa ninaloliona sana ni la muda. Watu huchanganya unga wa dawa kwenye chakula nusu saa kabla ya fundi, halafu wanasema dawa haifanyi kazi. Ikimezwa pamoja na majani makavu, dawa hii hujishika kwenye majani na kuchelewa saa nyingi kuingia kwenye damu. Utaratibu ulio bora ni dozi jioni ya kuamkia kazi na nyingine asubuhi, kabla ya majani. Usiichanganye na fluniksini wala meloksikamu, dawa nyingine za maumivu za kundi hilohilo. Asiyekunywa maji vizuri, mwenye figo mbovu au vidonda vya tumbo asipewe bila kuchunguzwa. Na farasi aliyepewa dawa hii haruhusiwi kwenda kwenye nyama.

Kumlegeza kwa dawa ya usingizi mwepesi ni suala jingine. Jeli ya detomidini ya chini ya ulimi inahitaji kama dakika 40, na ikimezwa haifanyi kazi vizuri. Anayeiweka avae glavu, na mjamzito asiishike kabisa. Lakini kumbuka inamwondolea farasi uthabiti wa miguu, na huyu miguu ya nyuma ni mibovu. Aliyelegezwa sana anaegemea zaidi, na anaweza kuanguka juu ya fundi. Maumivu yaondolewe kwanza, na dawa ya kulegeza iwe kidogo na pale tu panapolazimu. Asipewe chakula hadi azinduke vizuri, atapaliwa.

---

Mama Hatamu amejibu:

Wenzangu wameeleza ya kwato, mimi nazungumzia ya uwanjani, maana fundi bingwa akikuta farasi amefungwa mahali pabovu naye atashindwa.

Sakafu iwe bapa, kavu, isiyoteleza, yenye mkeka wa mpira. Ukuta wa banda uwe upande mmoja ili akitaka kuegemea aegemee ukuta badala ya mgongo wa fundi. Mtembeze dakika 10 hadi 15 kwa mkono kabla ya kuanza, kwa mstari ulionyooka, si kwa duara. Kazi ifanyike mchana kukiwa na joto, na awe amelala nje au kwenye banda kubwa usiku wake, si amefungiwa kachumba. Rafiki yake wa malishoni asimame karibu. Wavu wa majani uninginizwe usawa wa kifua, maana akiinua shingo juu mzigo unarudi nyuma kwenye vifundo vyake.

Mshikaji asimame upande uleule wa fundi, kamba mkononi. Usimfunge kwa fundo gumu. Farasi anayepoteza usawa akakuta kichwa kimefungwa hupaniki.

Mguu wa mbele unyanyuliwe kiasi cha kwato kuwa sentimita 20 hadi 30 tu kutoka ardhini, ubaki chini ya kifua chake mwenyewe. Mafundi warefu wana tabia ya kuuvuta nje ili waubane katikati ya mapaja yao, na hapo bega na kiungo vinasokotwa. Fundi wa farasi wazee hupiga goti, hukalia kistuli, au hutumia kisimamio kifupi chenye mkanda wa kubebea kwato. Mguu wa nyuma unyanyuliwe kidogo tu, usogezwe nyuma taratibu katika mstari wake, usitolewe pembeni. Ukiona nyonga imeinama na mkia umebanwa, umeshazidisha.

Dakika moja hadi mbili, weka chini. Uwekwe chini kabla hajauomba, hii ndiyo siri yote. Akinyang'anya ukaachia, amejifunza kunyang'anya. Ukimrudishia mwenyewe akiwa bado ametulia, amejifunza kusubiri. Uweke mguu chini kwa mkono hadi kwato iguse, usiudondoshe.

Ncha inaweza kupigwa tupa kutoka juu kwato ikiwa imekanyaga ardhini au ncha ikiwa juu ya kigogo kidogo. Muulize fundi kama hufanya hivyo. Na kama miguu minne kwa siku moja ni mingi, ya mbele ifanywe leo, ya nyuma kesho kutwa. Utalipia safari mbili, ndiyo, lakini kuna farasi ambao hiyo ndiyo njia pekee.

---

PekuPeku amejibu:

Viatu vya chuma vua, ndugu yangu. Kugonga misumari 6 au 8 kwenye kila kwato ni mitikisiko inayopanda hadi kwenye kiungo kibovu, na kila wiki 5 unarudia. Kwato isiyo na kiatu inajipanga yenyewe: inalika pale farasi anapoegemea zaidi, na ukuta unajiviringa ncha bila fundi. Uzito wa chuma mguuni unaondoka. Kazi ya kila ziara inakuwa tupa tu, dakika chache kwa mguu, hakuna kugonga. Hata wewe mwenyewe unaweza kufundishwa kupitisha tupa ukingoni kila wiki mbili.

Kwa ardhi ya mawe tumia buti za mpira. Pima upana na urefu wa kwato siku ileile ya kukatwa, si wiki tatu baadaye. Zikiwa kubwa zinazunguka na kuchubua visigino. Zivuliwe kila siku, zikaushwe, na ngozi ya nyuma ikaguliwe.

---

Tupa Kali amejibu:

PekuPeku, kuhusu nyundo nakuunga mkono asilimia mia. Kuhusu kwato kujipanga yenyewe, hapana, si kwa farasi huyu. Farasi mwenye kiungo kinachouma anaikwepa sehemu inayouma. Anakanyagia upande mmoja, upande huo unalika, na kwato "inajipanga" kufuata maumivu. Za nyuma utaziona: anayeburuta miguu ya nyuma husaga ncha hadi ikawa kama imekatwa kwa msumeno. Ukimwachia ajichonge mwenyewe, soli ya mbele inaisha.

Kwa hiyo inategemea soli na ardhi. Soli ikiwa na milimita 15 au zaidi na anashinda kwenye nyasi laini, vua viatu, anza na vya nyuma, subiri mzunguko mmoja uone, halafu vya mbele. Usivue vinne siku moja. Soli ikiwa nyembamba au ardhi ikiwa ngumu, mbele abaki na kinga: kiatu chepesi cha alumini chenye ukingo mpana na ulioviringwa, au cha plastiki, chenye pedi na silikoni laini kujaza nafasi iliyo juu ya pedi. Alumini ina theluthi moja tu ya uzito wa chuma kwa ujazo uleule. Inalika haraka, lakini kwa mzunguko wa wiki 5 inatosha.

Na kabla ya kuvipeleka viatu vya zamani kwenye chuma chakavu, vigeuze uvitazame. Kilicholika upande mmoja zaidi kinakuonyesha farasi anakanyagia wapi. Mpe fundi mpya avione.

---

Zizi la Mawio ameandika:

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Nimepata jina la fundi kupitia daktari, na ule mtihani wa simu ameufaulu, swali lake la kwanza lilikuwa mguu wa upande wa pili. Shida ni kwamba yuko mbali, anaweza kuja kila wiki 12 tu. Kumsafirisha farasi kwenda kwake sidhani kama ni busara. Nifanyeje hizo wiki za katikati? Na viatu vya kubandika kwa gundi vinafaa, maana nyundo ndiyo inayomtisha zaidi?

---

Tupa Kali amejibu:

Safari ndefu kwenye gari inamlazimu kukaza miguu muda wote ili asianguke, atafika amechoka kuliko kazi yenyewe. Fundi aje kwake.

Wiki 12 si tatizo ukiwagawia kazi wawili. Bingwa anaweka mpango, fundi wako wa karibu anaufuata kila wiki 4, bingwa anarudi ziara ya tatu kukagua na kurekebisha. Fundi wako wa sasa anaweza kufaa kabisa akiwepo siku ya kwanza na kuona kwa macho mguu unashikwaje. Huenda hakuwahi kuelezwa tu. Mpango uandikwe kwa vipimo, si kwa maneno kama "punguza ncha kidogo". Kwa kila kwato: urefu wa ukuta wa mbele kutoka unyweleo hadi ardhini kwa milimita, pembe ya ukuta huo, upana wa sehemu pana kuliko zote, umbali kutoka ncha ya pembetatu hadi mahali kwato inapopindukia, na kisigino kipi hakipaswi kuguswa. Ile sehemu pana kuliko zote ya kwato ipigwe mstari kwa kalamu. Urefu wa mbele yake na wa nyuma yake ukaribiane. Mbele ikizidi sana, ncha imekimbia.

Kila ziara piga picha nne kwa kila kwato: upande, mbele, nyuma, na chini. Ziwe kwenye sakafu ngumu, simu ikiwa imelala chini usawa wa kwato, mguu ukiwa umesimama wima. Picha iliyopigwa ukiwa umesimama wewe hupotosha pembe, bingwa hawezi kuitumia. Ongeza video fupi akitembea kwa mstari, ya kutoka upande, na ya kuja na kuondoka.

Gundi inafaa, ila ina masharti yake. Kwato ikatwe kwanza, ikaushwe kwa hewa ya moto, isuguliwe kwa msasa wa namba 60 hadi 80 kuanzia visigino hadi katikati, ifutwe vumbi, na baada ya hapo mkono usiiguse tena. Mafuta ya vidole tu yanatosha kuifanya iachie. Farasi asiwe ametoka kwenye tope au umande. Avuliwe matope jana yake na alale pakavu. Gundi nyingi za haraka zinahitaji dakika 5 hadi 8 za utulivu, na kukiwa baridi zinachukua muda zaidi. Hapo ndipo farasi kama wako anaposhindwa: hawezi kuning'iniza mguu dakika 8. Kwa hiyo kiatu kivalishwe, karatasi ya plastiki izungushiwe, mguu uwekwe chini kwenye ubao bapa aukanyage mwenyewe, na mguu mwenzake unyanyuliwe kidogo, au farasi atulizwe kwa kushikiliwa kichwa tu. Gundi isifike kwenye soli, kwa sababu ikiganda hutoa joto na soli nyembamba haipendi joto. Isijazwe visigino vyote viwili hadi nyuma kabisa, vinahitaji kutanuka.

Vinavyoharibika: kiatu kinachotoka ndani ya siku mbili ni unyevu. Kinachotoka wiki ya tatu ni ncha iliyorefuka. Na usikubali kirudishwe mara tatu nne mfululizo, ukuta unaisha kwa msasa.

---

Mama Hatamu amejibu:

Zizi la Mawio, nyundo ikilazimika kwa miguu ya nyuma, muulize fundi kama anaweza kutumia misumari membamba, michache, na nyundo nyepesi. Na jizoeze naye wewe katikati ya ziara: kila siku nyanyua kila mguu sekunde 10, chini kabisa, rudisha kabla hajaomba. Usifanye asubuhi anapotoka bandani amekakamaa.

---

Dkt. Banda amejibu:

Baada ya ziara ya kwanza ya mpango mpya, usimpande wala kumzungusha kwa kamba. Mwache malishoni kwenye ardhi bapa. Ukakamavu mdogo kwa saa 24 hadi 48 unavumilika, hasa kama pembe imebadilishwa, na dozi moja ya jioni inaweza kuendelea kama daktari alivyopanga. Andika kila asubuhi kwa siku 7 mambo matatu: mapigo kwenye mishipa ya miguu ya mbele, hatua za kwanza anapotoka bandani, na kama alilala usiku. Farasi mwenye viungo vibovu huacha kulala chini kwa kuogopa kuinuka. Makombo ya matandiko kwenye nywele za ubavu ndiyo yanayokuambia alilala.

Mguu mmoja ukikataa kabisa kukanyaga siku ya pili au ya tatu, mapigo yakawa makali upande huo, fikiria usaha ndani ya kwato au msumari uliogusa nyama kabla hujasema yabisi imepanda. Apigiwe fundi na daktari siku hiyohiyo, kiatu kitoke, na usimwongezee dawa ya maumivu hadi kwato ikaguliwe, la sivyo mtaficha maumivu yanayoonyesha mahali penye tatizo. Akikanyagia visigino kwa miguu yote miwili ya mbele, hiyo ni laminaitisi mpaka ithibitishwe vinginevyo: mwache hapo alipo, mwekee matandiko mengi, usimtembeze.

Na akifika mahali hata kwa dawa hawezi kutoa mguu wowote kwa dakika moja, mjadala si wa fundi tena. Ongea na daktari wake uso kwa uso, mkiwa na zile kumbukumbu za wiki mezani.

Hilo la ACTH lisisubiri fundi. Damu ichukuliwe wiki hii.